Mtoto Anapoogopa Saa Kuliko Maswali: Mwongozo Kamili wa Mitihani ya Muda Maalumu

Yupo mtoto ambaye ukimuuliza swali mkiwa nyumbani anakujibu kabla hujalimaliza. Mpe swali hilohilo kwenye karatasi ya mtihani, msimamizi akishatangaza kuwa muda umeanza, analitumbulia macho kama hajawahi kuliona. Majibu yakitoka, mzazi anasema mtoto hakusoma. Mwalimu anaandika "aongeze bidii". Mtoto naye anaanza kuamini kuwa hana akili. Wote watatu wamekosea, na kosa hilo linaumiza, maana dawa anayopewa ni vitabu zaidi na kukaripiwa zaidi, na hakuna kati ya hivyo kinachogusa mahali panapouma.

Ninachotaka kusema ni hiki: kufanya kazi huku dakika zinahesabiwa ni ujuzi unaojitegemea, na ujuzi hufundishwa. Mtoto hufundishwa hesabu, lugha na sayansi kwa miaka, kisha anapimwa kwa saa ambayo hakuna aliyemfundisha namna ya kwenda nayo. Mzazi au mlezi anaweza kuziba pengo hilo nyumbani. Wiki sita hadi nane kabla ya mtihani zinatosha kwa watoto wengi. Kama zimebaki wiki mbili tu, fanya hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano, mengine yaache hadi muhula ujao.

Kinachotokea mwilini na kichwani

Mtoto anapoiona saa kuwa tishio, ubongo wake unauamuru mwili ujiandae kwa hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli, ambazo ni homoni za kuukabili mkazo. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linasokota, pumzi zinakuwa fupifupi. Peke yake hayo hayamfelishi mtu. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo wa kiasi husaidia kujifunza, ila ukizidi huharibu, hasa kazi inapokuwa ngumu. Kwa hiyo hatutafuti mtoto asiyehisi chochote.

Shida kubwa iko kwenye mawazo. Mwaka 1967 Robert Liebert na Larry Morris waliigawa hofu ya mtihani katika sehemu mbili: msisimko wa mwili kwa upande mmoja, na wasiwasi wa kichwani kwa upande mwingine. Tafiti zilizofuata zimeonyesha mara kwa mara kuwa ni ule wasiwasi wa kichwani unaokwenda sambamba zaidi na alama za chini. Sababu yake inaeleweka. Akili ina sehemu ndogo ya kushikilia mambo kwa muda mfupi wakati wa kufanya kazi. Ndiyo inayoikumbuka ile 3 unayobeba wakati unazidisha tarakimu inayofuata. Nafasi yake ni finyu. Wazo la "dakika zinaisha, wenzangu wameshafungua ukurasa wa pili" linaingia humohumo na kuisukuma nje ile 3. Mtoto hajasahau hesabu. Amekosa pa kuishikia.

Watafiti waliopima kotisoli katika mate ya wanafunzi mjini New Orleans, Marekani, walikuta imepanda kwa takribani asilimia 15 katika wiki ya mtihani mkubwa ukilinganisha na wiki za kawaida. Kilichonigusa zaidi katika matokeo yao ni hiki: watoto ambao kotisoli yao ilibadilika sana, iwe kwa kupanda au kwa kushuka, ndio waliofanya vibaya kuliko ilivyotarajiwa. Yaani si mtoto anayetetemeka tu ndiye mwenye shida. Yule anayelegea, anayelaza kichwa juu ya dawati na kuandika majibu ovyo ili amalize, huenda naye amelemewa kiasi cha kukata tamaa. Huyo mara nyingi huitwa mvivu.

Wala si watoto wachache. Katika utafiti wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2015, takribani asilimia 55 ya wanafunzi wa miaka 15 katika nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi) walisema hupata wasiwasi mkubwa kabla ya mtihani hata wakiwa wamejiandaa vizuri.

Hatua ya 1: Tenganisha hofu, uzito wa kusoma na kutojua

Usianze kumsaidia mtoto kabla hujajua unatibu nini. Kipimo chake ni rahisi, ninakipendekeza kwa kila mzazi.

Chukua karatasi fupi ya mtihani uliopita, maswali kama kumi na tano. Mpe mtoto kalamu ya bluu na muda uleule ambao mtihani halisi ungempa kwa idadi hiyo ya maswali. Muda ukiisha, ichukue kalamu ya bluu, mpe ya kijani, kisha mwambie: "Sasa endelea mpaka umalize. Hakuna muda. Ukitaka kubadili jibu la mwanzo, badili." Iondoe kabisa saa machoni pake. Usikae umemkodolea macho.

Baadaye sahihisha, ukihesabu bluu na kijani kila moja peke yake. Utaona moja kati ya picha hizi.

Kijani kimeongeza alama nyingi, na yale ya bluu aliyoyakosea ameyarekebisha mwenyewe bila kusaidiwa. Mtoto huyu anajua. Kinachomkwamisha ni saa, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Kijani hakijaongeza kitu. Alipewa muda wote na bado hakuweza. Hapa kuna pengo la somo, na hofu anayoionyesha huenda ni ya haki kabisa: anaogopa kwa sababu anajua hajui. Kumfundisha kupumua kwa utulivu kabla hujamfundisha, kwa mfano, hesabu za sehemu ni kumwonea. Rudini kwenye mada zenyewe kwanza.

Kijani kimeongeza alama, lakini umeona alivyotumia muda mrefu mno kusoma swali moja, alivyorudia mstari uleule, alivyosogeza karatasi karibu na uso au alivyochanganya herufi. Hapo usikimbilie kusema ni woga. Mpeleke akapimwe macho, na zungumza na mwalimu kuhusu uwezekano wa diseleksia au ugumu mwingine wa kusoma. Mtoto wa namna hii anaweza kustahili muda wa nyongeza kisheria, na nitalirudia jambo hilo mbele.

Fanya kipimo hiki zaidi ya mara moja, siku tofauti, katika masomo tofauti. Wapo watoto ambao saa huwatisha kwenye hesabu tu, huku ufahamu wakiumaliza bila shida. Zitunze karatasi zote.

Hatua ya 2: Mpe nafasi ya kusema anachoogopa hasa

Neno "usiogope" halijawahi kumwondolea mtoto woga. Linamfundisha tu kuuficha. Uliza swali linalotafuta undani, kisha nyamaza.

"Mama, nikiona saa inaenda nasahau kila kitu."

"Nimekusikia, mwanangu. Ukianza kusahau, kichwani unakuwa unawaza nini?"

"Nawaza wenzangu wamemaliza, nimebaki peke yangu."

Mazungumzo mafupi kama hayo yanakupa kitu cha kufanyia kazi. Huyu haogopi saa tu. Anaogopa kubaki nyuma mbele ya wenzake. Mwingine atakuambia anaogopa baba atasema nini. Mwingine aliwahi kushindwa kumaliza, karatasi ikachukuliwa mikononi mwake, na tangu siku hiyo kila anaposikia "dakika tano zimebaki" mkono unaganda. Kila hofu ina jibu lake, na huwezi kulitoa kabla hujalisikia tatizo.

Akishasema, mwambie ukweli kuhusu saa yenyewe. Watoto wengi wanaamini kuwa muda uliwekwa kwa sababu mwenye akili ni yule anayewahi. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilihitaji kupanga askari wapya kwa haraka, na timu iliyoongozwa na Robert Yerkes, yuleyule wa majaribio ya panya, ikatunga mitihani ya kufanywa na umati kwa wakati mmoja, kila sehemu ikiwa na dakika zake. Takribani askari milioni 1.7 walipimwa. Mitihani mingi ya shule iliyofuata ilirithi mtindo huo. Muda unawekwa, kwa sehemu kubwa, ili wote wapimwe kwa hali moja na kazi iishe siku hiyo. Mtoto anayejua hivyo anaweza kuichukulia saa kama kanuni ya mtihani, asiione kuwa ni hukumu juu ya akili yake.

Hapa pia ndipo mzazi anapaswa kujisikiliza. "Mtihani huu ndio maisha yako." "Mwenzako mbona aliweza?" "Tumekulipia ada ya bure?" Tunasema hivyo kwa sababu na sisi tunaogopa, na hofu yetu inamfikia mtoto hata tukiisema kwa upole. Ukiona mwenyewe huwezi kuzungumzia matokeo bila sauti kupanda, mwachie mtu mwingine mzima ambaye mtoto anamwamini afanye mazungumzo hayo.

Hatua ya 3: Ujueni mtihani kabla ya kuufanya

Hofu hunenepa kwenye mambo yasiyojulikana. Kaeni pamoja na karatasi halisi za miaka iliyopita, mpate majibu ya maswali haya: Kuna maswali mangapi, na dakika ngapi? Ni ya kuchagua au ya kuandika? Alama ziko sawa kwa kila swali? Jibu likikosewa, alama hukatwa au hapana? Ruhusa ya kurudi nyuma ipo? Kama mtihani uko kwenye kompyuta, saa inaonekana kwenye skrini, na je, inaweza kufichwa?

Swali la kukatwa alama ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kama hakuna makato, kuacha swali wazi ni kutupa alama, na mtoto anatakiwa kujua kuwa akibakiza dakika moja anaweza kuchagua jibu kwa kila lililobaki. Kujua hivyo tu hupunguza woga wa kutomaliza.

Kisha pigeni hesabu ya muda, na mtoto ndiye ashike kalamu. Tuseme kuna maswali 40 kwa dakika 60. Tengeni dakika 8 za mwisho kwa kurudia. Zinabaki 52. Gawanya kwa 40, unapata dakika 1.3 kwa swali, yaani sekunde 78. Lakini usimwambie mtoto ahesabu sekunde 78 kila swali; hiyo itamtia wazimu. Mpe vituo vinne: swali la 10 kwenye dakika ya 13, la 20 kwenye dakika ya 26, la 30 kwenye dakika ya 39, la 40 kwenye dakika ya 52. Ataitazama saa mara nne tu. Kati ya kituo na kituo saa haimhusu.

Naona hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Mtoto mwenye hofu hutazama saa kila baada ya muda mfupi, na kila anapoitazama anakatisha wazo alilokuwa nalo. Vituo vinampa ruhusa ya kutoitazama.

Hatua ya 4: Mzoeze saa ngazi kwa ngazi

Makosa ya kawaida ni kumpa mtoto mwenye hofu mtihani kamili wa majaribio, saa ikiwa mezani, kila Jumamosi, kwa imani kwamba atazoea. Akishindwa kila Jumamosi, anachokizoea ni kushindwa. Wanasaikolojia wanaotibu hofu hutumia kanuni nyingine: mtu husogezwa karibu na anachokiogopa kidogo kidogo, na hapandishwi ngazi mpaka ile aliyopo imekuwa ya kawaida.

Ngazi ya kwanza: maswali machache bila saa yoyote. Lengo ni usahihi tu.

Ngazi ya pili: saa ipo, ila unayo wewe. Inahesabu kwenda juu, na mtoto haioni. Akimaliza mwambie alitumia dakika ngapi, bila kusifu wala kulaumu. Mara nyingi anashangaa kuwa alitumia muda mfupi kuliko alivyodhani, na mshangao huo unamfaa kuliko hotuba yoyote.

Ngazi ya tatu: saa inaonekana, na muda ni wa ukarimu. Kama mtihani halisi ungetoa dakika 20, mpe 30.

Ngazi ya nne: punguza hadi dakika 25. Anza kutumia vituo.

Ngazi ya tano: muda halisi, ila sehemu fupi, si zaidi ya dakika 20 kwa mkao mmoja. Hapa ndipo utakapokaa sana. Usiharakishe.

Ngazi ya sita: mazingira halisi. Meza tupu, kimya, kalamu zilezile atakazotumia, karatasi nzima, na mtu wa kutangaza mwanzo na mwisho. Mara mbili au tatu kabla ya mtihani zinatosha.

Akilia au akiganda kwenye ngazi fulani, rudi moja nyuma siku inayofuata. Usimwambie amerudi nyuma. Mpe tu karatasi na muda. Vipindi vifupi mara nne kwa wiki ni bora kuliko kikao kirefu kimoja. Ukiona mtoto mwenyewe anakuuliza "leo dakika ngapi?" bila uso kubadilika, jua hofu imeanza kuachia.

Hatua ya 5: Mfundishe kuipita karatasi kwa raundi

Mtoto mwenye hofu hufanya maswali kwa mfuatano, na akikwama kwenye la saba anaona aibu kulipita. Dakika sita zinakwenda hapo, na maswali mepesi ya mbele yanakosa muda.

Raundi ya kwanza, afanye yale anayoyaweza akiyaona tu. Swali lisipomfungukia baada ya kulisoma mara mbili, aweke alama ndogo pembeni na kusonga mbele. Raundi ya pili, arudi kwenye yenye alama. Raundi ya tatu ni ya kubahatisha kwa akili, baada ya kufuta kwanza majibu ambayo hayawezekani. Akitumia raundi, vituo vyake vinahesabu maswali aliyoyafikia, hata kama mengine ameyaruka.

Jambo moja la kuangalia kwa makini kwenye karatasi za kuweka kivuli, yaani zile ambazo mtoto hupaka penseli kwenye herufi ya jibu alilochagua: mtoto akiruka swali la 7 kisha akaweka kivuli cha swali la 8 kwenye mstari wa 7, kila kinachofuata kinaharibika, na anapogundua kwenye swali la 30 hofu inamlipuka. Mzoeze kutamka kimoyomoyo namba ya swali kila anapoweka kivuli, na kwenye kila kituo ahakikishe namba mbili zinalingana.

Kwa maswali ya kuandika, alama ndizo zinazopanga muda. Swali la alama 2 lisipewe ukurasa mzima hata kama analipenda sana.

Hatua ya 6: Mpe kitu cha kufanya hofu ikimpanda

Hata baada ya mazoezi yote hayo, hofu inaweza kumjia katikati ya mtihani. Asiwe mikono mitupu.

Kupumua ndiko kwa haraka zaidi. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe polepole kwa mdomo akihesabu hadi 6, mara tano. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza kasi ya moyo. Wakati huo aweke nyayo zote mbili sakafuni na kalamu mezani. Haizidi dakika moja, na mwambie waziwazi kuwa dakika hiyo haijapotea. Lazima aizoee nyumbani akiwa ametulia, kwa sababu hakuna anayejifunza jambo jipya akiwa katikati ya hofu.

La pili ni maneno anayojiambia. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kuwa watu wazima waliojiambia wana hamasa kabla ya kazi ngumu, ikiwemo mtihani wa hesabu, walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaokwenda mbio haushuki kwa amri, lakini mwenye moyo anaweza kuupa maana nyingine. Kwa mtoto ninapendelea sentensi fupi aliyoitunga mwenyewe: "Mwili wangu unajiandaa kwa kazi." Sentensi ya kutungiwa hukauka mdomoni.

La tatu ni kuandika. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 utafiti ambamo wanafunzi waliandika hofu zao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani. Wale waliokuwa na wasiwasi mwingi ndio waliofaidika zaidi. Karatasi hiyo si ya mzazi. Mtoto aandike anavyotaka, aichane akitaka. Asiyependa kuandika asilazimishwe.

Kusoma na kulala

Hapa nitapita upesi, ila kuna mambo mawili ambayo familia nyingi huyapuuza. La kwanza ni namna ya kusoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliolisoma kisha wakajaribu kulikumbuka bila kulitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima walikuwa wamewaacha mbali. Kurudia daftari kunampa mtoto hisia ya kujua ambayo siku ya mtihani inayeyuka, na kuyeyuka huko ndiko kunakozaa hofu kubwa. Afunge daftari, aseme au aandike anachokumbuka, ndipo afungue kuhakiki.

La pili ni usingizi. Taasisi ya Tiba ya Usingizi ya Marekani ilipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani hupunguza hasa ule uwezo mfinyu wa kushikilia mambo kichwani ambao tayari hofu inaunyang'anya nafasi. Mwisho wa kusoma uwe mapema jioni. Vifaa vyote viandaliwe kabla ya kulala: kalamu mbili, penseli, kifutio, kitambulisho kama kinahitajika. Asubuhi ale alichozoea, atoke mapema, na njiani msiulizane maswali ya somo.

Kuzungumza na shule

Mwone mwalimu mapema, si wiki ya mtihani. Nenda na zile karatasi za bluu na kijani. Zinaeleza kwa dakika mbili kile ambacho maneno yangechukua saa nzima, na mwalimu hataona kuwa umekuja kulalamika. Omba vitu vinavyowezekana: mtoto akae mahali asipowaona wenzake wakigeuza kurasa, msimamizi aandike muda ubaoni badala ya kuutangaza kwa sauti kila mara, mazoezi ya darasani yasitangaze nani amemaliza wa kwanza. Walimu wengi wanafanya hayo kwa moyo mmoja wakishaona sababu.

Kama mtoto ana ugumu wa kusoma, tatizo la macho, upungufu wa umakini au hali nyingine iliyothibitishwa na mtaalamu, ulizia muda wa nyongeza. Uingereza nyongeza iliyozoeleka kwa wanaostahili ni asilimia 25. Marekani mara nyingi hupewa muda mara moja na nusu. Ombi la namna hii huhitaji ripoti ya mtaalamu na huchukua muda mrefu kupita, kwa hiyo lianze miezi kadhaa kabla. Wazazi wengine hukataa kwa kuogopa mtoto "ataonekana ana kasoro". Ninawasihi wafikiri tena. Mtoto anayesoma polepole akipewa muda wa kutosha anapimwa kwa anachokijua, kama wenzake wote.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Wasiwasi wa siku chache kabla ya mtihani ni wa kawaida. Tafuta msaada wa mshauri nasaha, mwanasaikolojia au daktari ukiona mtoto anatapika au kuumwa tumbo kila siku ya mtihani, amekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anakataa shule, anajing'oa nywele au kujiumiza, au ameacha michezo na marafiki aliowapenda. Ipo tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mazoea, na imethibitika kusaidia watoto wenye hofu.

Akisema anatamani kufa au kwamba bora asingekuwepo, usisubiri mtihani upite na usidhani anatafuta huruma. Kaa naye, usimwache peke yake, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na mfikishe kwa mtoa huduma ya afya siku hiyohiyo.

Baada ya mtihani

Akitoka mlangoni, usimuulize "umejibu nini namba kumi?" Muulize kama ana njaa, muulize kama vituo vilimsaidia. Kujadili majibu na marafiki kabla ya karatasi inayofuata humharibia ile inayokuja, kwa hiyo mkubaliane mapema kuwa hilo halifanyiki.

Matokeo yakija, yasomeni pamoja mkiwa mmekaa. Kama karatasi imerudi, pangeni makosa katika mafungu matatu: hakujua, alijua akakosea kwa haraka, hakufika. Hesabuni kila fungu. Fungu la "hakujua" lipeni ratiba ya masomo. Fungu la haraka linataka kurudi ngazi ya nne na kuhakiki kila kituo. Fungu la "hakufika" likiwa kubwa, angalieni kama aliruka maswali magumu au aling'ang'ania, kwa sababu mara nyingi dakika zilipotea kwenye maswali mawili au matatu tu, na mtoto mwenyewe ataweza kukuonyesha kwa kidole ni yapi.

Linganisha fungu hilo na la mtihani uliopita wa mtoto huyohuyo, kamwe si la ndugu yake wala la mtoto wa jirani. Kama safari iliyopita hakufikia maswali tisa na safari hii ni manne, mwambie hivyo kwa namba hizo, hata kama jumla ya alama haijapanda bado.